Nani Anajaza Ndoo? Vifaa na Huduma za Halmashauri Wakati wa Mlipuko

Ndoo ya kunawia mikono kwenye lango la soko huwa na maji siku kumi za kwanza. Wiki ya tatu koki imeng'oka, kipande cha sabuni kimekwisha, na ndoo imekauka. Wananchi hawajagoma kunawa. Ni kwamba siku ndoo ilipowekwa hakuna aliyeandikiwa kazi ya kuijaza, haikujulikana maji yanalipiwa na nani, na sabuni haikuwa na kifungu kwenye bajeti.

Naanza na ndoo kwa sababu karibu kila kinachokwama kwenye halmashauri wakati wa mlipuko kimo humo ndani. Kununua mara ya kwanza hakusumbui: kuna hofu, kuna fedha ya haraka, kila mtu anasaini. Shida iko kwenye kujaza tena, kufikisha hadi zahanati ya mwisho, na kujua kesho kimebaki nini. Nitazungumzia halmashauri za kwetu, Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, na mfano mkubwa utakuwa UVIKO-19. Hesabu nyingi zilizomo humu zinafaa hata kipindupindu kikiingia vijijini.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga tarehe 11 Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, na siku iliyofuata shule zikaamriwa kufungwa. Siku sita. Halmashauri ambayo haikuwa na orodha ya wazabuni, haikujua stoo ina nini, wala haikuwa na mpango wa usafirishaji, isingeweza kuvitengeneza ndani ya siku hizo. Na Machi kwetu ni mwezi mgumu: mvua bado zinanyesha, barabara za Makete, Ludewa, Kilolo na Ileje ni utelezi, mahindi yako shambani na ushuru wa mazao haujaanza kuingia. Akaunti ya mapato ya ndani inakuwa nyepesi wakati ule ule inapohitajika.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau. 2020 ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu, uliofanyika tarehe 28 Oktoba, na mabaraza ya madiwani yalivunjwa miezi kadhaa kabla. Fedha ikitakiwa kuhamishwa kutoka kifungu kimoja kwenda kingine, kikao cha madiwani hakipo na mzigo unabaki kwa menejimenti. Mkurugenzi anayejua mwaka wake una uchaguzi apitishe kifungu cha dharura mapema, baraza likiwa bado hai, kikiwa na jina linaloeleweka na kiasi kinachojulikana.

Hesabu ya watu na zamu

Kwa siku za kawaida mfamasia wa halmashauri hukadiria mahitaji kwa wastani wa matumizi ya mwezi. Wakati wa mlipuko wastani huo unadanganya kwa njia mbili. Kwanza, matumizi ya jana hayasemi chochote kuhusu kesho ambapo kila mtumishi atavaa barakoa. Pili, wastani wenyewe mara nyingi ulikuwa na kasoro tangu zamani, kwa sababu siku ambazo bidhaa haikuwepo zilihesabiwa kama siku za matumizi sifuri.

Kasoro ya pili ina dawa rahisi. Tuseme zahanati ilitumia maboksi 40 ya glovu ndani ya siku 90, lakini kwa siku 30 kati ya hizo glovu hazikuwepo kabisa. Ukigawa 40 kwa miezi mitatu unapata maboksi 13 kwa mwezi. Hiyo si kweli. Gawa 40 kwa siku 60 ambazo glovu zilikuwepo, zidisha kwa 30, unapata maboksi 20. Tofauti ya maboksi saba kwa kituo kimoja, ikizidishwa kwa vituo arobaini vya wilaya, ni maboksi 280 kila mwezi. Ndiyo maana bidhaa huisha huku ripoti ikionyesha zinatosha.

Kwa vifaa vya kujikinga, achana na wastani. Hesabu watu. Kituo cha afya chenye watumishi sita wanaogusa wagonjwa kwa kila zamu, zamu tatu kwa siku, barakoa mbili za upasuaji kwa mtumishi kwa zamu: 6 mara 3 mara 2 ni barakoa 36 kwa siku, 1,080 kwa mwezi, yaani maboksi 22 ya barakoa 50. Zahanati yenye watumishi watatu na zamu moja inahitaji 6 kwa siku, 180 kwa mwezi, maboksi manne. Wilaya yenye zahanati 40 na vituo vya afya vitano inahitaji maboksi 160 na 110, jumla 270 kwa mwezi. Glovu nazo zihesabiwe kwa mguso: wagonjwa 60 kwa siku, jozi moja kila mgonjwa, ni glovu 120, yaani boksi moja la glovu 100 na sehemu ya tano ya boksi, maboksi 36 kwa mwezi. Ongeza asilimia kumi ya zinazochanika, andika 40.

Sasa ongeza wale wanaosahaulika karibu kila mara: wafanya usafi wa wodi, madereva wa gari la wagonjwa, walinzi wa lango, wakusanya ushuru wa soko, vijana wa gari la taka, maofisa watendaji wa kata na vijiji, wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kijana anayebeba taka za kituo cha afya anahitaji glovu nzito za mpira na mabuti. Glovu za daktari hazimfai, zinachanika kwenye ndoo ya kwanza. Kama hayumo kwenye hesabu, atapewa za daktari, na hesabu ya daktari itaharibika.

Kila kituo kiandike siku zilizobaki. Idadi ya maboksi peke yake haitoshi. Ukisema "tuna maboksi nane" haisaidii mtu. "Tuna siku sita" inamfanya mfamasia anyanyue simu. Orodha ya vitu kumi tu, kila Jumatatu asubuhi, kwa ujumbe wa simu. Ukidai vitu sitini, vituo vitajaza kwa kukisia.

Njia za kununua na mahali zinapokatika

Njia ya kwanza ni MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali. Kwetu tuna bahati ya kuwa na ghala za kanda Mbeya na Iringa, kwa hiyo umbali si kisingizio kikubwa kama ilivyo mikoa mingine. Kituo kinajaza ripoti na maombi, yanapita kwa mfamasia wa halmashauri na kuingia kwenye mfumo wa kielektroniki, na gari la MSD linapeleka mzigo hadi kituoni. Bidhaa isipokuwepo, MSD inatoa taarifa ya kukosekana. Taarifa hiyo ndiyo ufunguo wa njia ya pili, yaani mshitiri, kwenye mfumo unaoitwa Jazia, ulioanza kwa majaribio Dodoma 2014 na kuenea nchi nzima 2018. Mshitiri ni mzabuni mmoja aliyepatikana kwa ushindani ngazi ya mkoa, bei zake zimeshakubaliwa. Anajazia pale MSD ilipokosa.

Hapa pana mtego. Wakati wa mlipuko MSD inakosa, na mshitiri naye anakosa, kwa sababu ananunua kwenye soko lile lile. Mkataba wake una bei ya mwaka jana. Bei ya barakoa ikipanda mara kadhaa, mshitiri hakatai kwa maandishi, anachelewa tu. Wiki mbili zinapotea kusubiri mzigo usiokuja. Kwa hiyo weka muda kwenye oda: mshitiri asipothibitisha kwa maandishi ndani ya siku tatu, oda inahesabiwa imeshindikana na kitengo cha ununuzi kinaendelea kutafuta kwingine. Oda hiyo yenye muda wa siku tatu ndiyo itakayomlinda mkurugenzi pale mkaguzi atakapouliza kwa nini hakununua kwa mshitiri.

Njia ya tatu ni ununuzi wa dharura. Sheria ya ununuzi wa umma inauruhusu, ile Na. 7 ya 2011 iliyokuwa ikitumika wakati wa UVIKO na ile Na. 10 ya 2023 inayotumika sasa pamoja na NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Dharura inafupisha muda wa ushindani. Karatasi zinabaki zile zile. Hatua zinazotakiwa kuonekana kwenye faili ni hizi: ombi la idara husika lenye idadi na hesabu iliyozaa idadi hiyo, taarifa ya kukosekana kutoka MSD, jibu la mshitiri au ukimya wake wa siku tatu, bei za wauzaji zaidi ya mmoja, idhini ya afisa masuuli, ambaye ni mkurugenzi, LPO (hati ya oda kwa muuzaji), taarifa ya kamati ya ukaguzi na mapokezi, ingizo kwenye leja, kisha malipo.

Kosa linaloongoza ni mzigo kuja kabla ya LPO. Muuzaji anapigiwa simu, analeta, karatasi zinaandikwa nyuma. Tarehe hazipatani, hoja ya ukaguzi inazaliwa, na mwaka unaofuata maofisa wote wanaogopa kununua chochote kwa haraka hata pale watu wanapohitaji. Madhara ya hoja moja hukaa muda mrefu kuliko ugonjwa wenyewe. LPO ikishakuwa na ombi lililoandikwa vizuri hutoka siku hiyo hiyo. Kinachochelewesha ni ombi lisilo na hesabu.

Kosa la pili ni kila kituo kununua kivyake. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na huo ni utaratibu mzuri, naunga mkono. Lakini zahanati kumi zikinunua maboksi mawili mawili zinalipa bei ya rejareja, tena kwa duka ambalo halijakaguliwa. Mganga mkuu wa wilaya aitishe mahitaji ya vituo vyote, kitengo cha ununuzi kitafute bei moja, kisha kila kituo kilipe sehemu yake kutoka akaunti yake. Kamati ya usimamizi ya kituo inabaki na mamlaka yake, na bei inakuwa ya jumla.

Kamati ya mapokezi nayo isiwe ya kusaini tu. Ifungue boksi katikati ya rundo, si la juu. Ihesabu vipande. Iangalie tarehe ya mwisho wa matumizi, alama ya TBS (Shirika la Viwango) kwenye sabuni, usajili wa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kwenye vifaa tiba. Ofisi ya TMDA ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya, hakuna sababu ya kukisia. Kitakasa mikono kisichojulikana kilikotoka ni hatari, kwa sababu spiriti ya methanoli ni sumu hata ikiwa inanukia kama ile nzuri.

Vikundi vya ndani visaidiwe kushika sehemu ya kazi hii. Asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa nne, nne na mbili. Kikundi cha mafundi cherehani kikipewa kipimo, sampuli ya barakoa ya tabaka tatu na oda ya maandishi, kinaweza kuwahudumia watumishi wasio wa afya. Oda bila sampuli iliyowekwa muhuri huzaa barakoa za vipimo tofauti na ugomvi wa malipo.

Oksijeni

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu walipopotea.

Mtungi mkubwa wa hospitali una lita 6,800. Mgonjwa anayetumia lita 5 kwa dakika huumaliza kwa saa 22 na dakika 40. Akitumia lita 10, saa 11 na dakika 20. Ukiwa na wagonjwa sita mahututi, kila mmoja lita 10 kwa dakika, ni lita 60 kwa dakika, lita 86,400 kwa siku. Mitungi 13 kila siku. Mtungi mmoja uliojaa una uzito wa karibu kilo 80. Pikapu ya hospitali ya wilaya haiwezi kupeleka mitungi 13 mitupu na kurudi na iliyojaa kila siku kwenye barabara ya milimani. Haiwezekani, na mtu anayepanga bajeti lazima alijue hilo kabla ya mgonjwa wa kwanza kulazwa. Ndiyo maana hospitali ya wilaya iamue mapema inaweza kuhudumia wangapi, na kuanzia mgonjwa wa ngapi rufaa inakwenda hospitali ya mkoa au ya kanda.

Mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, mafundi huiita konsentreta, huondoa safari hizo kwa mgonjwa wa lita 5 hadi 10. Lakini inakula umeme, karibu wati 350 kwa ya lita 5 na wati 600 kwa ya lita 10. Mashine nne za lita 10 ni wati 2,400 mfululizo, usiku na mchana. Jenereta la kituo lililonunuliwa kwa ajili ya taa na friji litazidiwa. Mafuta yake yahesabiwe. Umeme unaopanda na kushuka huua bodi ya mashine, kwa hiyo stebilaiza, kifaa cha kutuliza umeme, inunuliwe pamoja nayo kwenye LPO ile ile. Chujio la vumbi lioshwe kila wiki. Lisipooshwa, mashine inapata joto na usafi wa oksijeni unashuka. Mashine nzuri hutoa angalau asilimia 82, na namna pekee ya kujua ni kupima kwa kipimo cha usafi wa oksijeni. Mlio wake hausemi lolote. Jambo la kwetu hasa ni mwinuko. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Njombe na Makete zinapita mita 2,000. Mashine nyingine zina kikomo cha mwinuko kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Kisomwe kabla ya kulipa.

Vitu vidogo ndivyo hukwamisha. Mtungi umejaa lakini regyuleta, kifaa cha kupunguza presha ya gesi, haiingii kwenye kichwa chake. Spana ya kufungulia imepotea. Mirija ya puani ni ya watu wazima tu. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakina betri. Kwa kila mtungi andika pia regyuleta yake, spana, mirija ya saizi tatu na mnyororo wa kuufunga ukutani usianguke. Na fundi asipake grisi wala mafuta kwenye kichwa cha mtungi hata kama umekaza. Oksijeni ikikutana na grisi, moto unawaka.

Kilomita za mwisho

Mzigo wa kawaida wa MSD unafika kituoni. Mzigo wa dharura, misaada na vifaa vya serikali vya ghafla vyote hushushwa makao makuu ya halmashauri, na kutoka hapo ni juu ya halmashauri yenyewe. Hapa ndipo stoo ya wilaya inajaa huku zahanati ya Ileje au Busokelo haina hata glovu.

Magari ya halmashauri ni machache. Njia inayofanya kazi ni kupandisha mzigo kwenye safari ambayo tayari ipo: gari la chanjo la kila mwezi, usimamizi shirikishi wa timu ya afya, gari la elimu linalopeleka mitihani, hata gari la ushuru. Mtunza stoo awe na ratiba ya safari zote za wiki, na afungashe kwa kituo, si kwa bidhaa. Mfuko mmoja, jina la kituo, orodha ndani, nakala ya hati ya kutolea. Dereva hakabidhi bila saini ya mpokeaji na mhuri. Kwa vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ludewa, kama Lupingu, mzigo unategemea boti na hali ya ziwa. Huko weka akiba ya miezi miwili kabla mvua hazijachanganya.

Chanjo ni habari yake. Dozi 1,058,400 za Janssen, chanjo ya UVIKO-19, zilifika nchini Julai 2021 na uchanjaji ukazinduliwa tarehe 28 mwezi huo. Zilipofika wilayani zilitunzwa nyuzi 2 hadi 8, kichupa kimoja kikiwa na dozi tano, na kikifunguliwa kina saa sita tu. Kijijini watu wawili wakijitokeza asubuhi, dozi tatu ziko hatarini. Ilifaa mtendaji wa kijiji aandikishe majina siku moja kabla na kupanga watu kwa makundi ya watano. Kwa milima yetu, hatari iliyosahaulika ni baridi. Kila mtu anaogopa joto, lakini Juni na Julai usiku wa Makete unakaribia sifuri, na mhudumu akipanga mabarafu yaliyotoka moja kwa moja kwenye friza ndani ya kibebeo, chanjo isiyotakiwa kuganda inaganda njiani. Yaachwe mezani hadi ukitikisa unasikia maji yakicheza ndani. Ndipo yapangwe. Joto lisomwe na kuandikwa asubuhi na jioni, Jumapili pia.

Tunduma na watu wasio kwenye sensa

Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa. Upande wa Tunduma malori yalisimama. Halmashauri ya mji hupangiwa fedha kwa kuangalia wakazi wake, lakini foleni ya malori ni kijiji kizima kisicho na choo. Chukua malori 400, dereva na utingo wake: watu 800. Kipimo cha dharura ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku na choo kimoja kwa watu 50 kwa kuanzia. Hiyo ni lita 12,000 kwa siku, boza moja kubwa au mbili ndogo, na matundu 16 ya choo. Ongeza mapipa ya taka, taa, na mtu wa kusafisha anayelipwa. Mji wa mpakani unaosubiri foleni itokee ndipo uanze kutafuta boza utapata kipindupindu juu ya ugonjwa uliokuwepo. Mkataba wa boza na mwenye vyoo vya kuhamishika usainiwe mapema, bei kwa siku, bila kulazimisha idadi ya siku. Kasumulu, mpakani na Malawi, na Makambako, penye njia panda ya malori, nao wafikirie hivyo hivyo.

Maji, sabuni, klorini

Turudi kwenye ndoo. Mtu mmoja akinawa kwenye koki hutumia karibu nusu lita ya maji na mililita tatu za sabuni ya maji. Soko lenye watu 2,000 kwa siku linahitaji lita 1,000, simtanki moja lijazwe kila asubuhi, na lita sita za sabuni. Dumu la lita 20 linakwisha siku ya nne. Kwa mwezi ni madumu tisa, weka kumi. Andika madumu kumi kwenye bajeti ya soko, ukilipia kutoka ushuru wa soko hilo hilo, na umtaje kwa cheo anayejaza tanki. Maji yanayomwagika yachimbiwe shimo la kunyonya lenye mawe, vinginevyo lango linakuwa tope na watu wanapita pembeni. Koki ya kukanyaga kwa mguu ni bora kwa usafi, lakini kamba yake inakatika, kwa hiyo kamba ya akiba iwepo. Shule za vijijini zitumie vibuyu chirizi, vinakula maji kidogo sana. Asubuhi za Juni kule Njombe watoto wanakwepa maji ya baridi. Tanki jeusi likiwekwa upande wa jua linasaidia kuanzia saa nne.

Klorini ya unga ya asilimia 70 hupimwa kwa mizani. Kwa kusafisha sakafu, vitanda na vyoo inatakiwa asilimia 0.5: gramu 7 kwa lita, au gramu 143 kwa ndoo ya lita 20. Kwa mikono, pale sabuni inapokosekana, asilimia 0.05: gramu 14 kwa ndoo ile ile. Jiki ya asilimia 3.5 inachanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji kupata 0.5. Soma chupa, maana jiki nyingine zina nguvu tofauti. Mchanganyiko ni wa siku moja, ukae kwenye plastiki yenye kifuniko, kivulini. Uchafu uoshwe kwanza kwa maji na sabuni, kwa sababu damu na tope hula klorini. Usiichanganye na dawa ya choo yenye tindikali, inatoa gesi mbaya. Na watu wasinyunyiziwe klorini mwilini. Inaumiza macho na mapafu na haiponyi.

Duka la dawa la hospitali linaweza kutengeneza kitakasa mikono chenyewe. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi kufikia alama ya lita 10. Kikae saa 72 kabla ya kutumika, ili vijidudu vilivyoingia na chupa vife. Ethanoli inashika moto upesi, isihifadhiwe kwenye stoo yenye jiko au karibu na mitungi ya oksijeni.

Taka zinazotokana na haya yote ziongezwe kwenye mpango. Sanduku la usalama la lita 5 huchukua takriban sindano 100 na hufungwa likifika robo tatu. Kituo kinachochanja watu 300 kwa wiki kinahitaji masanduku matatu na kichomea taka kinachofanya kazi.

Misaada na fedha kubwa za ghafla

Mfadhili akileta, mpe orodha ya vitu vinavyopungua kabla hajanunua. Ndoo 500 bila sabuni zinakula nafasi ya stoo. Kila msaada uingie leja kwa hati ya mapokezi, hata ukiwa wa katoni mbili, na utoke kwa hati. Bidhaa isiyo na tarehe ya mwisho, au iliyobakisha miezi miwili, ikataliwe kwa barua ya heshima.

Oktoba 2021 ulizinduliwa mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3. Kati ya kazi zake kulikuwa na madarasa 15,000, kila moja milioni 20, yakitakiwa kukamilika wanafunzi wa Januari 2022 wakiingia. Halmashauri zote zilikwenda dukani wiki moja kutafuta saruji, nondo na mabati, na bei zikapanda. Funzo la ununuzi ni la wazi: halmashauri za mkoa mmoja zikae pamoja chini ya sekretarieti ya mkoa, zipange bei na kiasi na kiwanda au wakala mkubwa, na zipishane kwa wiki katika kuchukua mzigo. Anayeanza na msingi hahitaji mabati leo.

Wimbi likipita

Tarehe 5 Mei 2023 dharura ya kimataifa ya UVIKO-19 ilitangazwa kwisha. Wilayani kazi ya stoo huwa haijaisha. Vifaa vinavyokaribia kwisha muda vihamishiwe vituo vyenye wagonjwa wengi, kwa hati. Vilivyokwisha muda vitengwe, viorodheshwe na kuteketezwa chini ya usimamizi wa TMDA na afisa afya. Konsentreta ziende wodi ya watoto na chumba cha kujifungulia, kwa sababu nimonia ya watoto na watoto wachanga wasiopumua vizuri wanazihitaji kila siku, na mashine inayotumika hutunzwa. Ikifungiwa stoo miaka miwili, siku ya kuitafuta haitawaka.

Mfamasia na mtunza stoo huhamishwa. Kabla ya kukabidhi ofisi waache faili moja lenye karatasi hizi: hesabu ya watu na zamu kwa kila kituo, orodha ya wazabuni na simu zao, bei za mwisho zilizolipwa, ratiba ya safari za magari, namba za mitungi na mahali kila mmoja ulipo. Nakala ya pili ikae stoo, kwenye meza, karibu na leja.